Pomboo Asiyekula Bila Salamu

Wifi yangu Benedicta Kalinga ni mtu wa salamu. Nalisema hili mapema kwa sababu mengine yote yametokana nalo, na pia kwa sababu mimi ndiye ninayechelewa sokoni kila ninapoongozana naye. Kutoka kwetu Kihesa hadi soko kuu la Iringa ni mwendo wa saa moja kwa mtu mwenye akili zake. Ukiwa na Benedicta ni saa mbili na zaidi. Haipiti nyumba, haipiti baiskeli, haupiti mti wenye mtu chini yake. Anasimama, anapiga magoti kidogo, anasema "Kamwene", salamu yetu Wahehe, kwa sauti ya chini, kisha anaanza kuuliza: mmelalaje, watoto wameamkaje, kuku wanataga, mguu wa mama mkwe umepungua uvimbe? Na jibu analisubiri. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, maana kuuliza ni adabu, lakini kusubiri jibu la mguu wa mama mkwe wa mtu ni kujitafutia kuchwewa.

Mimi ni Faustina, mke wa mdogo wake, Obeid fundi malori. Nauza vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya zikiwepo na nyanya. Kwa hiyo nikimsema Benedicta msinishangae. Wifi kumsema wifi ni haki yake, na yeye amenisema kuanzia siku ya kwanza nilipochoma ugali jikoni kwa mama yao.

Benedicta alifiwa na mume akiwa na miaka ishirini na nne. Mwaka huo huo, elfu moja mia tisa tisini na saba, masista wa parokia walikuwa wanatafuta mtu wa kupika katika hosteli yao kule pwani, mahali panaitwa Rasi Mkadini. Akasema nitakwenda mimi. Alikuwa hajawahi kuona maji makubwa kuliko ya bwawa la Mtera. Akafunga sanduku, akaenda kusalimia mtaa mzima kuaga, kazi iliyomchukua siku mbili, akapanda basi.

Pale hosteli alikuwa anakuja kula Mzungu mmoja aliyeitwa Bwana Henriki. Yule bwana alikuwa na bustani yake ufukweni, lakini si bustani ya maua. Alikuwa amechimba mabwawa mawili makubwa ya saruji, akayajaza maji ya bahari, akatia humo pomboo wawili na sili mmoja, mnyama wa bahari za baridi mwenye sharubu. Amezungushia viti vya mbao vya watu mia nne, na mlangoni kuna mtu anakata tiketi. Alikuwa anatafuta mtu wa kukata samaki na kulisha wale wanyama asubuhi na jioni. Wenyeji wa pale walimcheka wazi. Walisema hawajaona kichaa kama hicho, samaki wazuri wa kukaanga wanatupiwa samaki wenzao na binadamu hajala. Benedicta, ambaye hakujua samaki kibua ni nini wala kolekole ni nini, akasema atajaribu.

Akajaribu miaka ishirini na saba.

Hiyo bustani ilivuma, na msidhani ni maneno yake tu, mwenyewe nimeziona picha ukutani zilizopauka. Mabasi ya shule yalikuwa yanatoka mbali, watoto wamefungiwa viporo vya wali kwenye mifuko. Maharusi walikuja kupigwa picha pembeni ya bwawa, na sili, aliyeitwa Ndevu, alikuwa anampa bwana harusi mkono. Muziki unafunguliwa, Bwana Henriki anapiga filimbi, pomboo wanaruka juu kuliko mlango wa kanisa na kurudi majini, watu wa viti vya mbele wanalowa na kushangilia. Pomboo dume aliitwa Shaba. Jike, aliyenaswa mdogo kwenye nyavu za wavuvi, aliitwa Tausi.

Sasa, kila Krismasi Benedicta alikuja likizo na hadithi hizi, na sisi tulikuwa tunamsubiri kwa hamu kama watu wanaosubiri vichekesho. Anakaa pale jikoni, ameshika kikombe cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, anatuambia kwamba Tausi anapumua hewa kama sisi, damu yake ni ya moto, na angezaa angenyonyesha.

"Samaki ananyonyesha?" Obeid anauliza, amekaza uso kama hakimu.

"Si samaki, mdogo wangu. Ni mnyama. Anakaa tu majini."

"Basi Krismasi ijayo tuletee hiyo maziwa ya samaki, tuweke kwenye chai."

Tunacheka mpaka tunashika mbavu. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote. Benedicta hakubishana hata siku moja. Alikuwa anatuangalia kwa upole, anakunywa ulanzi wake, halafu anauliza kama ng'ombe wa jirani alishazaa. Moyoni nilikuwa najisemea kwamba wifi yangu amekwenda pwani kuosha vyombo na anaona aibu kutuambia.

Halafu ikaja korona. Wageni wakakauka. Bwana Henriki, ambaye hata kabla ya hapo alikuwa anaandikiwa barua na watu wa haki za wanyama wakimwambia bwawa la saruji ni jela, akafunga bustani, akauza viti vya mbao, akaenda kwao. Ndevu alichukuliwa na kupelekwa nchi ya baridi anakostahili. Shirika moja la hao hao watu wa wanyama likaja, likazungushia nyavu nene sehemu ya ghuba, likawatoa Shaba na Tausi bwawani na kuwatia humo, ili wazoee bahari polepole na siku moja mlango wa nyavu ufunguliwe. Shaba alikuwa mzee, akafa mwaka uliofuata. Akabaki Tausi na Benedicta.

Kuhusu zile barua, Benedicta alinieleza baadaye, na nilimheshimu kwa kulisema. Alisema mwanzoni alizichukia, aliona kama anatukanwa yeye. Halafu siku Tausi alipotiwa ghubani, akakaa saa nzima anazunguka bila kugonga ukuta, Benedicta alijificha nyuma ya banda la samaki akalia. "Nilidhani namtunza, wifi," alisema. "Kumbe nilikuwa mlinzi wa jela mwenye roho nzuri."

Miaka hiyo minne hakuja nyumbani hata mara moja. Zamani akienda likizo alikuwa anamwachia kazi mwenzake, Yusta, Mbena wa Njombe, na Yusta aliondoka bustani ilipofungwa. Sisi tulielewa hivyo? Hatukuelewa. Mtoto wetu Eveline alipata kipaimara shangazi yake hayupo. Nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo leo siwezi kuyaandika, la mwisho likiwa kwamba kama samaki ni ndugu zake basi azikwe nao. Yeye akauliza kama Eveline alivaa gauni jeupe au la bluu. Nikakata simu.

Mwaka juzi mwezi wa sita mkataba wake ukaisha. Shirika lilileta daktari wa mifugo kijana akae na Tausi, likamshukuru Benedicta kwa cheti chenye fremu, akarudi Kihesa na sanduku lile lile. Ilikuwa Jumamosi, baridi ya Iringa ile ya kung'ata masikio. Jumapili alikwenda kanisani, alitoka saa nne ibada ilipoisha, akafika nyumbani saa nane kwa sababu ya salamu za miaka minne. Jumatatu nikamchukua sokoni anisaidie kuchambua vitunguu. Nilikuwa bado nimemnunia, ila kazi ni kazi.

Alhamisi simu yake ikalia. Mikono yake ilikuwa na udongo, akaniomba nimfungulie, nikaweka sauti kubwa, meza zote za jirani zikasikia.

"Mama shikamoo. Ni mimi Joachim, daktari. Samahani kukusumbua, mama. Hii pomboo imegoma kula."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko? Umeamkaje? Mlinzi hajambo?"

"Hajambo, mama. Mama, leo siku ya sita. Samaki zote nzuri, mbichi kabisa. Damu nimepima, iko sawa. Haina ugonjwa. Inakuja mpaka kwenye ubao wa kulishia, inaniangalia, halafu inaondoka. Tunaipa maji kwa mpira tumboni. Ikifika wiki ijayo hivi hivi, mama, itakufa."

Benedicta aliacha kitunguu alichoshika.

"Joachim, ukimpelekea chakula, unamsalimia?"

Rabson, Mnyakyusa anayeuza viazi meza ya pili, akasogea.

"Samahani, mama?"

"Nakuuliza, kabla ya kumpa chakula, unamsalimia kwanza?"

"Mama, hii ni mnyama."

"Najua ni mnyama. Lakini yeye amefika pale kabla hujazaliwa. Utamtupia chakula kama unatupa takataka?"

Hapo ndipo mambo yakatoka, mbele ya soko zima. Kumbe kuanzia siku ya kwanza ya mwaka ule wa tisini na saba, Benedicta hakuwahi kumpa Tausi samaki bila kumwamkia. Alikuwa anafika na ndoo, anaiweka chini, anapiga magoti kwenye ubao, anagonga maji kwa kiganja mara mbili kama mtu anayepiga hodi, anasema "Kamwene", anamuuliza amelalaje. Anasubiri. Tausi anatoa kichwa, anapiga mluzi wake mwembamba, anatikisa kichwa. Ndipo ndoo inafunguliwa. Asubuhi na jioni, miaka ishirini na saba. Yusta naye alifanya vile vile, kwa kuwa Wabena na Wahehe salamu yao ni hiyo hiyo moja. Tausi amekua, amekomaa, amezeeka kidogo, anajua kitu kimoja kuhusu chakula: chakula huja baada ya salamu. Bila salamu, kilichomo kwenye ndoo si chake.

"Na hukumwambia daktari?" nikamuuliza.

Aliniangalia kama nimeuliza jambo la ajabu. "Wifi, ukimwachia mtu nyumba yako, utamwandikia kwenye karatasi kwamba akumbuke kusalimia watu?"

Ningekuwa mimi nisingeandika pia.

"Mama, nifundishe basi," Joachim akasema. "Lakini mimi kwetu Tukuyu, Kihehe sijui."

"Mwambie ugonile!" Rabson akadakia. "Hiyo ndiyo salamu ya watu!"

Tukamsikia yule kijana, kumbe yuko pale pale ubaoni, anapiga maji, halafu kwa sauti ya woga anasema, "Ugonile!" Soko lote likatega sikio. Kimya. Halafu maji yakapiga kishindo.

"Imezama, mama. Imeenda zake."

"Atakulaje," nikasema, "ameamkiwa kwa Kinyakyusa, lugha ya ndizi?"

"Siyo lugha," Rabson akajibu. "Mmeifundisha kiburi cha Kihehe. Chakula iko mbele yake, inasubiri ipigiwe magoti!"

Watu walicheka mpaka mwenye mizani akasahau kupima. Nilikuwa nacheka mimi pia, ndipo nikageuka nikamwona Benedicta. Hakuwa anacheka. Aliichukua ile simu kwa mikono ya udongo, akamwelekeza Joachim "kamwene" mara saba, nane, amshushie sauti, apige goti, asiwe na haraka. Joachim alijitahidi, Mungu anamwona. Tausi hakurudi. Sauti haikuwa yake, mkono haukuwa wake. Simu ilipokatika Benedicta akakaa kwenye gunia la vitunguu, akasema polepole, "Nimemuua kwa adabu."

Ile kauli ilinichoma. Nilimnunia miaka minne kwa sababu ya mnyama niliyeamini hayupo, na sasa mnyama yupo, anakufa njaa kwa kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Jioni hiyo hakugusa ugali. Obeid alijaribu utani wa maziwa ya samaki, nikamkanyaga mguu. Kesho yake asubuhi tulikuwa stendi ya Igumbilo, yeye na mimi. Obeid aliuliza nani atauza vitunguu. Nikamwambia vitunguu havinyonyeshi, vitasubiri.

Hatukwenda mikono mitupu, maana hakuna kwenda ugenini mikono mitupu. Nilibeba mchele wa Madibira kwa ajili ya daktari. Benedicta njia nzima hakusema, hata kondakta hakumuuliza habari za nyumbani, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Siku ya pili tulifika Rasi Mkadini. Niliyoyasikia jikoni kwangu robo karne nikayaona kwa macho. Mabwawa yale mawili yapo, makavu, majani yameota kwenye nyufa, mbuzi wa mtu anakula humo. Mahali pa viti pamebaki vishimo vya nguzo. Ukutani kuna pomboo amechorwa kwa rangi ya bluu, nusu imebanduka, na pembeni yake picha za wafanyakazi kwenye kioo. Wa tatu kutoka kushoto ni wifi yangu, kijana, ameshika ndoo, anacheka. Nilisimama pale. Nikaona aibu, na nikaona fahari pia, vyote viwili kwa pamoja.

Joachim alikuja kutupokea. Kijana mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitoa shikamoo mara mbili, kwake na kwangu, akaanza kueleza habari za damu. Benedicta alikuwa ameshampita, ameichukua ndoo ya samaki bandani. Aliingia kwenye ubao ulioelea juu ya ghuba, akaiweka ndoo chini, akapiga magoti, akagonga maji mara mbili.

"Kamwene."

Sikuona kitu. Maji tu, na ule uzio wa nyavu na maboya yake. Halafu mbali kule ukatokea mgongo wa kijivu. Haukuja kwa haraka. Ulikuja kwa namna ya mtu aliyekasirika anayetaka uone amekasirika. Kichwa kikatoka karibu kabisa na magoti ya Benedicta, kichwa kikubwa, chenye jicho, na lile jicho linaangalia kwa akili. Nilipiga ukelele. Benedicta alikuwa anamuuliza, kwa Kihehe, polepole, amelalaje, kwa nini amekonda, nani amemkosea. Tausi akapiga mluzi. Mluzi mwembamba, mrefu, halafu mwingine, akatikisa kichwa, na wifi yangu akafungua ndoo, akalia, akacheka, na kumpa kibua cha kwanza.

Alikula ndoo nzima. Nilihesabu vibua thelathini na moja, nami nikampa cha thelathini na mbili. Pale pale kwenye ubao nikamwomba wifi yangu msamaha. Kwa yale ya kipaimara, kwa yote. Akasema, "Gauni lilikuwa la rangi gani?" Nikamwambia jeupe. Akasema alijua.

Ningependa kumalizia hapo. Furaha ilikuwa kubwa, wali wa Madibira tukaupika, Joachim akala sahani tatu. Lakini alipomaliza akanawa, akauliza swali ambalo sisi tulikuwa tunalikwepa.

"Mama, na ukirudi Iringa?"

Benedicta akasema atabaki.

"Ubaki mpaka lini? Na siku ukiumwa? Mama, kule baharini nani atamsalimia? Mlango wa nyavu hauwezi kufunguliwa kama hawezi kujikamatia samaki wake mwenyewe. Ndani ya uzio humu samaki hai wamejaa, wanampita puani, hawagusi."

"Anawaona ni wa watu," Benedicta akasema. "Hajakaribishwa."

Nilijua anachofikiri, kwa sababu nami ni wa kule kule. Ili Tausi aishi, ilibidi akosewe adabu. Ilibidi mtu wake, mtu pekee anayemjua, afike pale asubuhi, amwone, asimwamkie. Kwetu huwezi kumfanyia hivyo hata mtu mliyeshitakiana naye baraza la kata. Mkishakutana njiani mnaamkiana kwanza, ugomvi mnaendelea nao baadaye.

"Tutaanza kesho," akasema.

Wakapanga wao wawili. Siku za kwanza angemsalimia, ila badala ya kibua cha ndoo angemwachilia kibua hai mbele ya mdomo. Hilo Tausi alilipokea. Alistuka kidogo, akamkimbiza, akamkamata, akarudi kusifiwa. Siku ya nne, ya tano, vibua viliachiliwa mbali zaidi. Vizuri. Siku ya sita ndiyo ilikuwa ya kutokusalimia.

Ilishindikana kabisa, na aliyeshindwa si Tausi. Benedicta alikaa kwenye ubao amekunja mikono, Joachim ameachilia samaki kule kando. Tausi akaja, akatoa kichwa, akangoja. Nusu dakika haijapita nikaona kiganja cha wifi yangu kinagonga maji, tap, tap.

"Wifi!"

"Sikukusudia! Umekwenda wenyewe!"

Siku ya saba aliukalia ule mkono, mdomo ukasema "kamwene" wenyewe. Siku ya nane nikasema sasa nitamlinda mimi, nikasimama nyuma yake mkali kama mama mkwe. Tausi akatoa kichwa. Akaniangalia mimi, moja kwa moja, kwa lile jicho. Na mimi Faustina, ninayelalamika mchana kutwa kuhusu salamu, nikapiga goti na kusema, "Kamwene, mama." Joachim alishika kichwa. Alisema Wahehe tumemshinda, afadhali angeomba kazi ya kutibu simba.

Salamu yangu haikumtosha, siku hiyo Tausi hakula; siku ya tisa Benedicta alijificha bandani asije akamwamkia, napo Tausi hakula. Alikuja, akangoja, akaondoka. Mbavu zilianza kuonekana upya. Joachim akasema ana siku moja zaidi ya kusubiri, baada ya hapo itabidi arudishwe kwenye ndoo, na mpango wa mlango usahaulike.

Asubuhi ya kumi nilivua kanga yangu ya juu. Nikaifunga mikono ya Benedicta nyuma, nikakaza fundo la kufungia magunia, fundo ambalo halifunguki bila meno. Yeye mwenyewe aliomba kikombe cha maji, akayajaza mdomoni, akavimbisha mashavu, akanionyesha kwa macho kwamba yuko tayari. Mimi nilikwenda kukaa mbali na mgongo wangu nimeugeuzia ubao, lakini sikuvumilia, nikageuka.

Tausi alikuja. Akatoa kichwa mbele ya magoti yake. Akangoja. Alipoona kimya, akafanya jambo ambalo Benedicta anasema hakulifanya hata mara moja katika miaka yote ile: akaanza yeye. Akapiga mluzi wake wa asubuhi, akatikisa kichwa, akatulia kusubiri jibu. Wifi yangu alikaa pale na mashavu yamejaa, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, mabega yanatetemeka, na hakutoa sauti. Tausi akapiga mluzi tena. Mimi nilikuwa nimeuma upindo wa gauni langu.

Akazama. Maji yakatulia, yakakaa hivyo muda mrefu hata nikadhani basi. Kisha kule karibu na maboya vibua wakaruka wote kwa pamoja, uso wa maji ukawaka, na mgongo wa kijivu ukapita katikati yao kwa nguvu. Ukageuka. Ukapita tena. Kichwa kikatoka, kimeshika samaki kwa mkia, kikamrusha hewani, kikamdaka, kikammeza. Joachim alikuwa anahesabu kwa sauti, wawili, watatu, sita. Tausi hakuja kwenye ubao kusifiwa. Alituzungukia kwa mbali, jicho lake likatupitia kama linavyopita mawe, akarudi kwa samaki wake.

Benedicta aliyatema yale maji yote kifuani.

"Amekula! Wifi, amekula na hajanisalimia!" Akamgeukia Joachim, akamgeukia mlinzi aliyekuja mbio kutoka bandani. "Mmemwona? Amepita hapa, ameniona, na hajanisalimia!" Alikuwa analia na kucheka, anawaambia hata akina mama waliokuwa wanaokota chaza kule ng'ambo ya uzio ambao hawakujua anasema nini, na mikono yake nilikuwa bado nimeifunga, nikaogopa kuifungua.